Tulivyomtafuta Baba Kwenye Tope la Mtera

Kwa yule aliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, namweleza kwa kifupi, halafu asinisumbue tena.

Mji wetu wa Kisungule, hapa kando ya bwawa la Mtera upande wa Iringa, unapandishwa kuwa mji mdogo. Kutakuwa na sherehe. Pale stendi litawekwa jiwe, na kwenye jiwe litaandikwa jina la mtu wa kwanza kukaa hapa. Kamati ikauliza, ni nani huyo?

Nikasimama mimi, Vitus Kalinga, nikasema ni baba yangu.

Akasimama Anyelwisye, Mnyakyusa wa Kyela, ambaye binti yake Atuganile ameolewa na mwanangu Anord. Akasema hapana, ni baba yake yeye, mvuvi wa kwanza kutia mtumbwi kwenye maji haya. Eti kabla ya hapo palikuwa pori na mbuzi waliopotea.

Mbuzi waliopotea! Mkwe huyo.

Nikapandwa na hasira. Nikasema baba yangu amezikwa humo humo bwawani, tangu maji hayajaja, na mwaka huu maji yamekimbia mpaka imetoka ardhi ambayo macho yetu yalishaisahau. Nitawaonyesha kaburi. Tutamtoa, tutamzika upya huku juu kwenye nchi kavu, na jina la kwenye jiwe mtakuwa mmelipata.

Watu wakapiga makofi. Mimi makofi yameniponza maisha yangu yote.

Maana, ndugu zangu, kaburi lenyewe nilikuwa sijui liko wapi.

Msinicheke kwanza. Siku ya kuzika nilikuwepo, ila nilikuwa mtoto wa kushika nguo ya mama. Ninachokumbuka ni mti wa mkungugu, mawe mengi, na kwamba nilipewa paja la kuku peke yangu. Paja lile nalikumbuka vizuri kuliko kaburi.

Nilipokuwa kijana nikaenda Chunya kwenye tumbaku. Huko sikai kuelezea, Chunya ni vumbi tu. Nikakaa nikakaa, siku moja nikasema nirudi nyumbani. Nikashuka na njia yangu ile ile ya miguu, naimba, nimebeba redio. Njia ikaingia kwenye maji.

Nikasimama. Nikafikiri nimekosea. Nikarudi nyuma, nikaanza upya. Njia ikaingia kwenye maji tena.

Akapita mtu na mtumbwi, nikamuuliza, "Samahani ndugu, kwa akina Kalinga ni wapi?"

Akanyoosha kasia chini. "Hapa nilipo."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya bwawa.

Sasa msidhani kinachoniuma ni jiwe la stendi. Jiwe ni jiwe. Mimi nimezeeka, na kwetu mtu analala na watu wake. Nikifa leo nitalazwa huku juu peke yangu kama mgeni wa gesti, na baba yuko kule chini na kambale. Maji yakirudi mwaka huu, mimi na yeye basi tena. Nafasi ilikuwa ni hiyo moja.

Kwa hiyo asubuhi nikaenda kwa dada yangu Verediana. Yeye ni mkubwa, kila kitu alikiona.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Umekuja kwa ajili ya kaburi."

"Nimekuja kukusalimia tu."

"Salamu zako huwa hazivai gambuti."

Nikakaa. Nikachezesha miguu. "Dada, nionyeshe tu alipo baba. Unyooshe kidole, basi."

"Baba amelala miaka yote hiyo, kakuita?"

"Hajaniita."

"Basi na wewe muache."

"Maji yakirudi je?"

"Yakirudi atakuwa amefunikwa. Mtu mzima akifunikwa unamfunua wa nini? Na goti linaniuma."

"Nakuitia bodaboda."

"Nikiona bodaboda ndiyo linazidi."

Akaingia ndani akafunga mlango. Nikasikia anaufunga na komeo. Saa hizo za asubuhi, dada yangu wa damu, ananifungia komeo! Nikadhani ni uzee. Sikujua.

Haya, watu wameshakusanyika, nifanyeje? Nikaenda hivyo hivyo.

Mkifika siku moja mtaona wenyewe. Maji yakikimbia, ardhi inayobaki ni nyeusi, laini, ina rutuba mpaka unatamani kuila wewe kabla ya mahindi. Watu wote wa Kisungule walikuwa wameshagawana vinyungu humo, vile vishamba vya kwenye unyevu: huyu mahindi, huyu maboga, huyu mboga za majani. Katikati ya mahindi unakuta mtumbwi umelala juu ya tope kama umechoka kusubiri.

Alikuwepo Mtendaji wetu wa Kata, binti Eveline, na simu yake mkononi tayari kurekodi. Alikuwepo Bwana Afya na kibali cha kuhamisha mwili. Atuganile, mkwe wangu, alikuja na jembe begani na kidumu cha pombe ya ulanzi. Na Anyelwisye alikuja amebeba kiti cha plastiki.

"Kiti cha nini, mkwe?" nikamuuliza.

"Nimekuja kama mkwe. Mkwe anakaa."

Akakiweka kwenye tope, akakaa. Miguu ya kiti ikazama yote. Akabaki anatuangalia akiwa usawa wa magoti yetu, wala hakubadilisha uso.

Nikaanza kutafuta. Visiki vilikuwa vingi, vyote vyeusi, vyote vinafanana. Nilipita huku, nikapita kule, nikikunja uso kama mtu anayekumbuka. Nyuma yangu kundi zima linanifuata. Nikisimama, wanasimama. Nikiguna, na wao wanaguna.

Halafu nikaliona tuta, karibu na kisiki kikubwa, limepangwa mawe vizuri kabisa.

"Ni hapa!" nikasema.

"Una uhakika, mzee?" Mtendaji akauliza.

"Mtu hamjui baba yake?"

Anyelwisye akasema kutoka kwenye kiti chake, "Wengine hawajui."

Nikavua kofia, nikapiga goti moja, nikachukua ulanzi, nikamimina kidogo juu ya mawe.

"Mzee, ongea kwa sauti," Mtendaji akasema. "Mwambie habari za mji tangu alipoondoka. Narekodi iwe ndiyo historia yetu."

Nikaongea. Sijui maneno yalitoka wapi.

"Baba, ni mimi Vitus. Ulituacha hapa na mtama na ng'ombe na jua. Halafu wakaja watu wa serikali, wakasema ondokeni, maji yanakuja. Baba mdogo Ezekia akawauliza, yanatoka wapi, maana hapa hata ya kunywa hatuna? Wakasema maji haya yanakwenda kuwasha taa. Akawaambia tangu azaliwe ameona maji yakizima moto, hajaona yakiuwasha. Akagoma kuhama. Alihama siku kuku walipoanza kuelea."

Watu wakacheka kidogo. Nikamimina tena.

"Baba, wakapanda kule juu kwenye mawe. Wakaanza na vibanda. Kisha samaki wakazaliana, wakaja wavuvi kutoka Kyela, kutoka Ukerewe, kutoka huko wanakotoka wavuvi. Sisi samaki tulikuwa tunamuogopa, baba. Jirani yetu Mama Faustina alimpika perege wa kwanza na magamba yake, tukamla kwa heshima. Ndio wavuvi wakatufundisha. Kisha yakaja mabanda ya kukaushia samaki, kisha mashine ya kusaga, kisha kilabu cha pombe, kisha kanisa kwa ajili ya watu wa kilabu.

"Wakatuoza, tukawaoza. Sasa hivi wajukuu zako wanaongea Kihehe na miba ya Kinyakyusa.

"Halafu ikaja lami, baba. Zamani nyumba zote zilikuwa zinatazama maji. Lami ilipofika kila mtu akaziba mlango wake, akatoboa mwingine upande wa barabara. Na mimi nilitoboa. Mji mzima uligeuza shingo.

"Na taa zimekuja. Zile walizosema. Maji yalitufikia kwa usiku mmoja, taa zimetufikia mimi nina wajukuu. Lakini zimekuja, baba. Kuna stendi, kuna sekondari, kuna gesti zina feni. Kijana akiamka haendi kuangalia nyavu, anaangalia simu kama imejaa. Mji wako umekua. Sasa twende nyumbani ukauone."

Akina mama wakaanza kulia. Bwana Afya akawa anatazama juu. Hata Anyelwisye alivua kofia, nikamwona kwa jicho la pembeni anajifuta pua.

Tukachimba.

Haikuwa mbali. Mfupa wa kwanza ulipotoka nikaupokea na kitambaa cheupe. Ukaja wa pili. Ukaja na mnyororo.

"Mzee," Mtendaji akasema taratibu, "baba yako alikuwa na kesi?"

"Kesi gani?"

"Mnyororo uko shingoni."

Bwana Afya akachuchumaa. Akaokota taya. Akaligeuza. Lilikuwa refu, lina meno ya mbele kama sindano za magunia. Akaliweka chini, akakohoa.

Aliyesema ni Anyelwisye. Aliinuka kutoka kwenye kile kiti, kiti kikamfuata, akakibandua, akaja ukingoni mwa shimo.

"Mkwe," akasema, "mimi sipendi kuingilia msiba wa watu. Lakini marehemu alikuwa na mkia?"

Ndugu zangu, nimewahi kuchekwa. Nilichekwa siku ya harusi yangu kiatu kilipobanduka soli. Lakini kicheko cha siku ile kiliwainua bata bwawani.

Historia yote ya mji nimemsimulia mbwa. Na ulanzi kanywa.

"Siku zote nasikia habari za Wahehe na nyama ya mbwa," Anyelwisye akaendelea, machozi yanamtoka, "lakini sikujua kama mnawaheshimu namna hii!"

"Nyamaza, mla ndizi!"

"Ndizi tunaila, mkwe. Hatuipigii goti!"

Mtendaji akazima simu yake. Yeye peke yake hakucheka, na ndiyo ikaniuma zaidi. "Mzee Kalinga, kamati inakaa Jumatatu. Kama kaburi halipo, itabidi tuandike jina la baba yake Mzee Anyelwisye. Mimi sina namna."

Kabla sijajibu, simu ya Anyelwisye ikalia. Alikuwa mdogo wake Andendekisye, anapiga kutoka Mbeya, na watu wa Mbeya wakipiga simu huhitaji spika.

"Kaka! Huku mvua! Mvua gani hii! Tangu juzi tumevaa makoti! Wanasema Usangu yote maji, Ruaha imefura!"

Kicheko kikakatika palepale. Kila mtu wa Kisungule anajua: Ruaha ikifura kule juu, baada ya siku chache maji yako huku. Watu wakatazama mahindi yao. Mimi nikakaa ndani ya shimo, na mbwa wangu, nikaona kazi imeisha.

Hapo ndipo nikasikia bodaboda inakuja inakorogeka kwenye tope. Nyuma amekaa Verediana, upande upande, kanga imefungwa kichwani, kaja kuona tumefukua nini.

Akashuka. Akachungulia shimoni.

"Ah," akasema, na uso wake ukalegea kama aliyekutana na jirani. "Huyo si ndiye Mtakoma?"

"Nani?"

"Mtakoma, mbwa wa baba. Alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani. Mbwa alipokufa, baba alimzika mwenyewe, akampangia mawe, akalia. Mama alinuna wiki nzima, akasema mimi nikifa sijui kama utanililia hivi."

"Alimzika wapi, dada?"

"Si hapo hapo ulipo? Mlangoni."

Akaishia hapo ghafla, akaziba mdomo na kanga. Lakini alikuwa ameshasema.

Mlangoni.

Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa kwetu. Mara kila kitu kikakaa mahali pake, kama mtu amewasha taa: mlango ulitazama jua linapotoka, nyuma ya nyumba zizi la ng'ombe, nyuma ya zizi mti, chini ya mti baba.

Nikatoka shimoni, nikaanza kutembea. Nikapita ndani ya nyumba yetu isiyokuwepo, nikainama kidogo mlangoni, msiniulize kwa nini. Nikapita kwenye zizi, sasa hivi ni maboga ya mtu. Watu wananifuata, safari hii kimya.

Nikafika kwenye maji. Nikasimama.

Baba alikuwa mbele zaidi. Ndani.

"Basi," Verediana akasema nyuma yangu, harakaharaka. "Umeona? Imeshindikana. Turudi nyumbani, ugali utapoa."

"Ugali gani saa hizi, dada?"

"Wowote."

Nikasikia mtu anavua viatu. Ni Anyelwisye. Akakunja suruali, akaniletea mkono.

"Wewe Mhehe kuogelea hujui. Nishike."

"Niache, mkwe. Umeshashinda."

"Nimeshinda kwa mbwa?" akasema. "Miaka yote nitakaa pale stendi chini ya jina la baba, watu wanasema huyu alishinda kwa mbwa? Sitaki. Lete mkono."

Tukaingia. Maji yakafika magotini, yakafika mapajani. Tunapapasa kwa nyayo kama wazee wawili wanaotafuta sabuni. Tope, tope, mzizi. Tope.

"Jiwe," akasema.

Nikasogea. "Na hapa jiwe."

"Na hapa. Yamepangwa, mkwe."

Nilisimama palepale, maji yananifika mapajani, nimeshika mkono wa Mnyakyusa. Miguu yangu ilikuwa juu ya baba.

"Toka juu yake basi," Anyelwisye akaninong'oneza. "Ni mtu mzima."

Lakini utachimbaje ndani ya maji? Ukitoa tope, tope linarudi. Tukaanza kubishana, huyu hivi, huyu vile. Atuganile akaita kutoka ukingoni.

"Baba!"

Mimi na Anyelwisye tukaitika kwa pamoja. "Naam!"

"Mbona mnahangaika? Si tupige jaruba?"

Huyu binti kabla hajaolewa alikuwa analima mpunga Madibira. Kule shamba wanalikata vipande vipande na kuvizungushia matuta ya tope, maji yakae ndani. Hivyo vipande ndiyo majaruba.

"Jaruba ni la kuweka maji ndani, mwanangu," nikamwambia.

"Tope litajua? Tunalizungusha, maji yanabaki nje. Ya ndani tunachota."

Anyelwisye akanigeukia. "Huyo nimemzaa mimi," akasema.

Na mimi nikamjibu, "Na sisi ndio tumemuoa."

Basi mngeiona Kisungule siku ile. Wenye vinyungu wakaleta majembe. Wavuvi wakaleta ndoo za kukaushia mitumbwi. Wakaushaji wa samaki wakaja na mabeseni, bado yananuka moshi. Kijana wa bodaboda alizima pikipiki akaingia na suruali yake ya kubana. Mtendaji alimpa Bwana Afya simu amshikie, akavuta tope kwa mikono miwili. Wakulima wanawafokea wavuvi kwamba tuta halipigwi hivyo. Wavuvi wanawafokea wakulima kwamba maji hayatishwi na jembe. Tuta likatoboka upande mmoja, kiti cha plastiki kikazibia tundu, na mwenye kiti akalisimamia.

"Nilijua kina kazi," akasema.

Mawingu yalikuwa yameshapanda upande wa Mbeya. Hakuna aliyeyatazama.

Tukachota. Maji yakashuka, yakafika kiunoni mwa mtoto, yakafika kwenye kifundo, yakaisha. Mawe yakatoka, meusi, yamepangana, na upande wa kichwa chungu kimefunikwa, kimetobolewa tundu chini, kama tulivyokuwa tunafanya zamani.

Nikapiga magoti yote mawili. Safari hii historia niliiacha kidogo, mpaka nihakikishe.

"Baba," Atuganile akaita. Alikuwa bado anachota, kule kwenye kona ya jaruba. Sauti yake ilikuwa nyingine. "Kuna jingine."

"Jingine nini?"

"Kaburi."

Nikaenda. Ubavuni kabisa, unaweza kulala kwenye moja ukashika jingine. Mawe yaleyale. Urefu uleule. Chungu upande wa kichwa, kimetobolewa.

Anyelwisye nilimtazama nikisubiri aseme kitu, na yeye ndiye alikuwa ananitazama mimi.

"Mama yako?" akauliza taratibu.

"Mama tulimzika kule juu. Wewe mwenyewe ulibeba jeneza."

"Basi ni nani?"

Mtendaji akachukua kile kibali kwa Bwana Afya, akakisoma tena kama kitakuwa kimebadilika. "Mzee Kalinga, hiki ni cha mtu mmoja tu. Baba yako ni yupi kati ya hawa?"

Nikageuka kumuuliza Verediana. Hakuwepo. Alikuwa ameshafika kule kwenye maboga anakwenda, mbiombio, kanga inapepea. Goti lile la asubuhi lilikuwa limepona kabisa.

Nikamkimbilia. Mimi na gambuti zangu, yeye na uzee wake, tunakimbizana kwenye vinyungu vya watu. Nikamkamata ncha ya kanga karibu na bodaboda.

"Dada! Usiniache hivi mbele za watu. Maji yanakuja. Nitamtoa nani, nitamwacha nani?"

"Niachie kanga."

"Nikuachie baada ya kunijibu. Wewe ulikuwepo, mimi nilikuwa mtoto. Makaburi ni mawili. Baba ni yupi?"

Akayatazama yale matuta ya tope, na watu wote wamesimama wanamsubiri, ndoo mkononi. Akanitazama mimi. Akanishika shavu, kama alivyokuwa ananishika zamani kabla ya kuninywesha dawa chungu.

"Kaa chini, Vitus," akasema. "Ni wote wawili. Mmoja ndiye aliyekuzaa, mwingine ndiye uliyemwita baba."